Kubadilisha Kitambaa cha Dari cha Kombi ya Zamani: Mwongozo Kamili

Abiria wa kiti cha nyuma akishuka na vumbi la manjano begani, au kitambaa cha juu kikimgusa kichwa kama chandarua kilichofunguka pembe moja, dari ya kombi hiyo imekwisha. Watu hujaribu pini, vifungo, hata kuchoma sindano na kupulizia gundi kwa nyuma. Wiki mbili baadaye kinaning'inia tena, na sasa kina madoa.

Kazi ya kukibadilisha inawezekana nyumbani, mradi uwe na cherehani imara, msaidizi mmoja na siku nne hivi zisizo na haraka. Kabla ya yote shika jambo moja: gundi hainyooshi kitambaa. Kitambaa kinanyooshwa kwa kuvutwa kwa mikono, kidogo kidogo, kutoka katikati kwenda pembeni, na gundi inakuja mwisho kushika ulichokwisha kupata. Karibu kila dari mbaya niliyowahi kuiona, zikiwemo mbili zangu za kwanza, ilitokana na mtu kufungua kopo la gundi mapema mno au kushika mkasi mapema mno.

Tambua aina ya dari yako

Bonyeza kitambaa kwa kidole, katikati ya mishono miwili. Kikibonyea kama ngoma iliyolegea, na kwenye mshono ukahisi chuma chembamba kinachovuka gari kutoka upande hadi upande, una dari ya pinde. Vyuma hivyo ni pinde za waya mnene zilizopitishwa ndani ya njia zilizoshonwa nyuma ya kitambaa, mfano wa njia ya lastiki kwenye kiuno cha sketi. Ncha za kila upinde zimeingia kwenye matundu ya bati juu ya madirisha. Ndivyo zilivyo dari nyingi za Volkswagen Type 2, gari lililoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950, na vani nyingine nyingi za miaka hiyo na iliyofuata.

Ukibonyeza ukakuta ubao mgumu, kitambaa kimebandikwa juu ya hadibodi au kadibodi nzito. Hiyo ni kazi nyepesi zaidi na nitaifikia karibu na mwisho. Ipo pia aina ya tatu: mbao tupu za plaiwudi, kama zilivyo kwenye kombi nyingi za kulala zilizotengenezwa na kampuni ya Westfalia. Kama zako bado nzima, zisafishe, zipige vanishi na uachane na habari ya vitambaa.

Maelezo yanayofuata ni ya dari ya pinde.

Kitambaa gani, na kiasi gani

Kuna chaguo mbili za kweli: plastiki laini ya viti, mara nyingi yenye vitundu vidogo, au kitambaa cha sufu au cha nyuzi za viwandani. Plastiki hufutika, hainywi moshi wala harufu, na ukiipasha joto inanyooka. Kitambaa kina mwonekano mzuri zaidi na kinameza kelele, ila doa la gundi likikishika halitoki. Mtu anayeanza nampendekezea plastiki bila kusita. Inasamehe.

Kaa mbali na kitambaa cha pazia na shuka za pamba. Pamba hulegea na kukaza kufuatana na unyevu wa hewa, hivyo dari itakuwa nzuri leo na kesho ina mawimbi. Angalia pia jinsi kitambaa kinavyoshika moto, kwa sababu kitakuwa juu ya vichwa vya watu. Kiwango cha Marekani kiitwacho FMVSS 302 kinataka vitambaa vya ndani ya gari visiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Ukinunua kitambaa kilichotengenezwa kwa ajili ya magari, uliza kama kimefikia kiwango hicho au cha aina hiyo.

Pima mvutiko kabla ya kununua. Shika sentimita kumi za kitambaa kwa vidole, vuta kwa nguvu ya wastani, kisha achia. Kinatakiwa kiende kidogo na kirudi. Kisichokwenda kabisa kitakutesa kwenye pembe za paa. Kinachokwenda bila kurudi kitabonyea kati ya pinde baada ya msimu mmoja wa joto. Kama kinavutika upande mmoja kuliko mwingine, andika ni upande upi, na vipande vyote vikatwe kwa mwelekeo uleule. Kama kina manyoya, yalale yote kuelekea nyuma ya gari. Kipande kimoja kikigeuka, kitaonekana kama kina rangi tofauti na hakuna atakayeamini kwamba ni roli moja.

Hesabu ya kiasi inachanganya watu kwa sababu dari ya kombi ni pana kuliko roli. Roli nyingi zina upana wa sentimita 140 au 150, na dari ukiipima kwa kufuata mzingo wake, kutoka ukingo wa dirisha la kushoto hadi la kulia, inapita hapo. Ndiyo maana dari hushonwa kwa vipande vinavyovuka gari, mshono ukikaa palipo na upinde. Chukua mfano: vipande saba, kila kimoja sentimita 45 kati ya upinde na upinde, ongeza 3 za mishono, upate 48. Kwenye roli ya 150 vinaingia vipande vitatu sambamba, jumla 144. Kama mzingo pamoja na ziada ya kushika ni mita 2, vipande saba vinahitaji safu tatu, yaani mita 6 za roli. Safu ya tatu inatumia kipande kimoja tu, na kinachobaki kitavika nguzo za madirisha na kukupa mabaki ya kujaribia cherehani na gundi. Hayo mabaki utayahitaji.

Kuvua dari kuukuu

Chomoa betri kwanza. Piga picha kila pembe kabla ya kugusa skrubu, kisha toa taa, kioo cha ndani, vizuia jua, vishikio, ndoano za nguo na boliti za juu za mikanda ya usalama. Kila kundi la skrubu litiwe kwenye mfuko wake wenye jina. Boliti za mikanda ziwekwe peke yake, maana zitarudi mahali pale pale na kukazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Kisha vioo. Kwenye magari mengi ya aina hii kitambaa kinapita chini ya mpira wa kioo cha mbele na cha nyuma, na mara nyingi hata madirisha ya pembeni. Ipo njia ya mkato: inua mdomo wa mpira kwa kijiti na uchomeke kitambaa chini yake. Nimeifanya. Inakubalika kwa miezi michache, halafu kitambaa kinateleza na kutoka. Toa vioo. Kama mpira umekauka na kupasuka, ukate kwa wembe ukizunguka, sukuma kioo kutoka ndani huku msaidizi akipokea nje, na upange kununua mpira mpya. Vaa glavu nene na miwani.

Kitambaa kuukuu usikirarue. Hicho ndicho ramani yako. Kibandue kuanzia kingo, ukilainisha gundi ya zamani kwa hewa ya moto na kibanzi butu. Kwenye baadhi ya magari ukingo umeshikwa na ukanda wa bati wenye meno: meno hayo yainue kidogo tu, usiyavunje, yatatumika tena.

Sasa pinde. Ziko kwenye mkazo, hivyo upinde ukitoka upande mmoja unaweza kuruka usoni. Shika katikati, sukuma kuelekea upande mmoja, zungusha ncha itoke. Kabla haujatoka wote, ufunge tepu ya karatasi na uandike: namba kuanzia mbele, kushoto au kulia, na upande unaotazama mbele. Pinde zinafanana zikiwa sakafuni, lakini kila moja ina urefu na mzingo wake. Kombi yangu ya kwanza niliziweka zote saba kwenye ndoo bila alama, nikijiamini kwamba nitakumbuka. Nilizijaribu mchana mzima, na bado upinde wa nne na wa tano niliuweka kila mmoja mahali pa mwenzake, jambo nililoligundua kitambaa kikiwa tayari na gundi. Tangu hapo naandika namba kwenye tepu, na tena kwa kalamu ya wino mzito kwenye bati la paa kando ya kila tundu. Kama kuna matundu mawili kwa ncha moja, weka alama lipi lilikuwa linatumika, kwa sababu tundu ndilo linaloamua upinde ukae juu au chini.

Bati tupu

Ukishavua, utakutana na kilichokuwa kimejificha: pamba ya nyuzi za kioo, karatasi ya lami, viota vya panya. Vaa barakoa ya vumbi jembamba, siyo kitambaa cha usoni. Kwenye magari ya zamani baadhi ya vifaa vya kuzuia joto na kelele vilikuwa na asbesto. Kama kuna tabaka la kijivu lenye nyuzi usilolijua, usilikwangue wala kulipiga msasa likiwa kavu. Acha kazi, lipimwe kwanza.

Hapa ndipo pa kutafuta maji yanakoingia. Mwaga maji taratibu kwenye mifereji ya paa na juu ya sehemu ambapo keria ilibana, huku mwenzako akiwa ndani na tochi. Mstari wa kutu unaoanzia kwenye kiungio cha bati unakuonyesha njia ya maji kuliko maji yenyewe. Kwangua kutu kwa brashi ya waya, paka dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, na ziba viungio kwa kizibo cha viungio vya bati la magari, kile kinachopakika rangi. Acha pakauke siku nzima au mbili. Dari mpya juu ya paa linalovuja ni fedha uliyoitupa kwa mikono yako, kwa sababu maji hutua kwenye njia za pinde na kuchora mistari ya kahawia isiyotoka.

Safisha gundi ya zamani kwenye kingo zote mpaka bati lionekane. Gundi mpya ikikaa juu ya gundi iliyooza itabanduka nayo.

Kama unataka kupunguza joto na kelele, bandika sponji isiyonywa maji, unene wa milimita 6 hadi 10, moja kwa moja kwenye bati. Hakikisha haigusi pinde, maana inayogusa itaonekana kama uvimbe. Bati linaloita kama ngoma halihitaji kufunikwa lote kwa vipande vya mpira wa lami. Kipande kimoja katikati ya kila uwanja wa bati, robo ya eneo lake hivi, kinatosha kulinyamazisha. Nyaya za taa na spika zipite sasa, zifungwe pembeni. Na skrubu za taa, ndoano na vizuia jua zirudishe kwenye matundu yake lakini ziache zimechomoza nusu. Utaona faida yake.

Pinde nazo zipigwe msasa na kupakwa rangi. Upinde wenye kutu huchafua kitambaa ndani ya msimu mmoja. Nchani vika kipande kifupi cha bomba la plastiki ili chuma kisilie kwenye bati gari likitembea.

Kushona

Fumua kitambaa kuukuu mshono kwa mshono, weka namba kwa kalamu upande wa nyuma, kisha kinyooshe kwa pasi ya moto mdogo. Kipande kilichokaa juani kwa miaka thelathini kimesinyaa, kwa hiyo usikiamini kila milimita. Kitumie kupata umbo la mkunjo na nafasi za mishono, lakini urefu wa pembeni upime upya kwenye gari na uongeze sentimita 7 kila upande. Mbele na nyuma ongeza 10.

Kila kipande kipate alama ya katikati, mkato mdogo wa milimita 3 juu na chini. Alama hizi ndizo zitakazokuonyesha kama dari imenyooka au imekwenda upande, na hakuna kifaa kingine kitakachokuambia hilo.

Njia za pinde zishone kwa kitambaa kigumu cha pamba, siyo kwa plastiki ya dari. Kata kanda za sentimita 6, kunja katikati, na uingize ukingo wake ulio wazi katikati ya mshono unaounganisha vipande viwili, ili mshono mmoja ushike vyote. Upinde wa milimita 5 una mzunguko wa karibu milimita 16, kwa hiyo njia iliyolala bapa ikiwa na milimita 12 inatosha upinde kuteleza bila kukwama. Piga mshono wa pili kwenye ukanda kupata kipimo hicho. Njia pana mno inauacha upinde uelee na mshono unakuwa na mawimbi.

Njia isifike ukingoni. Ikomee sentimita 10 hadi 12 kabla ya mwisho wa kitambaa kila upande. Baadaye utaipunguza zaidi, na huko ndiko mikunjo mingi inakomalizwa.

Tumia uzi wa poliesta, sindano namba 100, hatua ya mshono milimita 3 hadi 4. Hatua fupi kwenye plastiki inatoboa mstari kama wa stempu, na plastiki inachanika hapo hapo ikivutwa. Jaribu kwanza kwenye mabaki: shona vipande viwili, vuta kwa nguvu zako zote, tazama matundu ya sindano. Yakirefuka kama tundu la kifungo cha shati, punguza sindano au ongeza hatua.

Kutundika na kuvuta

Chagua siku ya joto. Kama ni plastiki, ianike juani saa moja, imetandazwa, mpaka ilegee mikononi kama ngozi laini. Ikiwa baridi inadanganya: utaivuta ukidhani imefika, kumbe bado.

Ingiza pinde kwenye njia zake ukifuata namba, gari likiwa na viti vimetolewa na sakafu imefunikwa shuka safi. Mikono safi pia. Anza na upinde wa nyuma kabisa: ncha moja ndani ya tundu, pinda, ncha nyingine. Sogea mbele mmoja baada ya mwingine. Wakati huu dari itaonekana kama hema lililoanguka. Usishtuke.

Funga uzi kutoka katikati ya fremu ya kioo cha mbele hadi katikati ya fremu ya nyuma, na usogeze kila upinde mpaka alama yake ya katikati ikae chini ya uzi. Hapo tu ndipo unapoanza kuvuta.

Mvuto wa kwanza ni wa mbele na nyuma. Bana kitambaa kwenye ukingo wa fremu ya nyuma kwa vibanio vya karatasi, vile vya chuma cheusi, kuanzia katikati kwenda pembeni. Nenda mbele, vuta kwa viganja vyote viwili, bana. Pinde zinatakiwa kusimama wima, zisilale mbele wala nyuma. Ukiona zote zimeegemea mbele, umevuta mbele mno. Legeza na urudi nyuma. Acha hivyo saa moja, au usiku kucha ukiweza. Kitambaa kitalegea kidogo. Vuta tena.

Mvuto wa pili ni wa pembeni, na hapa mishono inatangulia. Shika mshono wa katikati ya gari, uvute chini moja kwa moja, bana; nenda upande wa pili, fanya vilevile. Mshono unaofuata, kushoto kisha kulia. Mishono yote ikishakaa sawa ndipo unavuta sehemu zilizo kati yake. Ukianza na sehemu za kati, mishono itapinda kama nyoka na hutaweza kuirudisha.

Jifunze kusoma mikunjo. Mkunjo hulala sambamba na upande uliovutwa zaidi. Ikitoka mbele kwenda nyuma, pembeni hapajavutwa vya kutosha. Ikivuka gari kutoka kushoto kwenda kulia, tatizo liko mbele na nyuma. Iliyokwenda mshazari inakuambia pembe moja imevutwa kuliko mwenzake. Fuata mstari wake hadi unapoishia na ulegeze kibanio cha hapo kabla hujakaza kingine popote.

Na ile mikunjo midogo inayotawanyika kama miale kutoka kwenye ncha ya upinde, pale kitambaa kinapoanza kushuka kuelekea dirishani? Hiyo hata ukivuta mpaka vidole viume haiondoki, kwa sababu njia ya pamba nyuma yake imegoma kuvutika. Pitisha mkono nyuma ya kitambaa, ushike mwisho wa njia, uifumue sentimita moja na kukata ukanda wa pamba peke yake, bila kugusa mshono wa dari. Vuta tena. Mara nyingi miale inafutika ukiwa unaitazama. Kama imebaki, kata sentimita nyingine. Usikate tatu kwa mpigo: ukipita kiasi upinde utachomoza ndani ya kitambaa kama ubavu wa ng'ombe mkondefu, na hakuna namna ya kuurudishia njia yake bila kuishusha dari yote.

Gundi na madirisha

Dari ikishakaa kwa vibanio peke yake namna ambayo ungekubali kuiacha hivyo, fungua gundi. Iwe gundi ya kontakti inayostahimili joto kali, kwa sababu paa la rangi ya giza lililochomwa na jua linaweza kufika nyuzi 70 na zaidi. Gundi ya viatu ya kawaida hulainika na kuachia. Gundi nyeupe ya mbao isahau.

Mvuke wake unalewesha na unashika moto. Milango yote wazi, pasiwe na sigara wala jiko karibu, na mashine ya hewa moto izimwe ikae mbali.

Fanya kipande cha sentimita 30 kwa wakati mmoja. Toa vibanio vya hapo tu, paka tabaka jembamba kwa brashi kwenye bati na kwenye kitambaa, upana wa sentimita 3 hivi, kisha subiri dakika 10 hadi 15. Gusa kwa mgongo wa kidole: ikinata bila kuacha nyuzi, iko tayari. Vuta, laza, kandamiza kwa kitambaa kikavu, rudisha vibanio. Fuata mpangilio uleule: nyuma katikati, mbele katikati, kisha pembeni kwa zamu, kushoto na kulia.

Mkasi unaingia sasa, kwenye nafasi za madirisha, siyo kabla. Toboa katikati ya uwazi na ukate kuelekea kila pembe kwa mkato unaogawanyika kama herufi Y, ukisimama sentimita moja kabla ya pembe yenyewe. Kwenye mzingo wa fremu, kata mikato midogo kila sentimita moja au mbili ili kitambaa kikubali kugeuka, na mikato hiyo isivuke ukingo wa bati ambao mpira utaufunika. Ukivuka kwa milimita tano, utakuwa ukiuona mkato huo kila unapoendesha. Acha ziada ya sentimita 2 ikunjwe nje ya ukingo. Kuipunguza ni baada ya gundi kukaa siku nzima.

Nguzo kati ya madirisha huvikwa vipande vyake, vikipishana chini ya kitambaa cha juu. Ni kazi ya nusu saa.

Taa na vingine

Pitisha kiganja juu ya dari mpaka uhisi vichwa vya skrubu ulizoacha nusu. Kwa kila kimoja, kata msalaba wa nusu sentimita kwa wembe mpya, toa skrubu, funga kifaa chake. Kwa waya wa taa, mkato uwe mdogo kuliko kitako cha taa.

Usitoboe kwa drili kupitia kitambaa. Keekee ya drili inashika uzi mmoja, inauzungusha, na kabla hujaachia kitufe imeuvuta mstari mzima kutoka ukingo hadi ukingo. Ukihitaji tundu jipya, toboa kwa msharasi au msumari wa moto, na skrubu uikaze kwa mkono. Boliti za mikanda ya usalama zirudi bila gundi kwenye meno yake na bila kitambaa kubanwa chini ya kitako cha chuma.

Kama dari yako ni ya ubao

Toa ubao wote nje ya gari. Unaweza kulazimika kuupitishia mlango wa nyuma ukiupinda kidogo sana, na wa kadibodi ukipindwa zaidi unavunjika. Kitambaa cha aina hii kina sponji nyembamba nyuma, na joto pamoja na unyevu vimeigeuza unga unaonata. Usugue wote kwa brashi laini mpaka ubao mtupu ubaki, kwa sababu unga uliobaki ndio utakaobeba kitambaa kipya, na hauna nguvu ya kubeba chochote. Nunua kitambaa chenye sponji ya milimita 3 tayari nyuma. Kitandaze juu ya ubao, kunja nusu irudi nyuma, pulizia gundi pande zote mbili, subiri, kisha kilaze kutoka katikati kwenda ukingoni kwa kiganja kilicholegea. Ukikandamiza kwa nguvu, alama ya vidole inabaki kwenye sponji. Rudia nusu ya pili, kunja ziada ya sentimita 3 nyuma ya ubao, na ukate nafasi ya taa mwisho.

Kurudisha vioo

Siku moja baada ya gundi, punguza ziada na pitisha mvuke kwenye mikunjo midogo iliyobaki. Pasi ya mvuke ishikwe sentimita 15 mbali na kitambaa. Kwa plastiki tumia hewa ya moto, sentimita 30 mbali na isisimame mahali pamoja. Ukiona mng'ao unabadilika, umechelewa.

Vika mpira kwenye kioo, pitisha kamba laini ndani ya mfereji wa mpira kuuzunguka wote, ncha zikutane chini katikati. Paka maji ya sabuni kwenye ukingo wa bati, lakini kwa uchache juu, yasipande kwenye kitambaa. Msaidizi akandamize kioo kutoka nje, wewe uwe ndani ukivuta kamba taratibu, nayo itaupandisha mdomo wa mpira juu ya bati na kitambaa kwa pamoja. Simama kila sentimita 20 utazame: kama mpira umeburuta kitambaa na kuleta mkunjo, kuuondoa sasa ni kuurudisha mpira kidogo na kuvuta kitambaa kwa koleo bapa.

Acha madirisha wazi siku mbili tatu harufu itoke. Baada ya jua kali la kwanza, pita na kidole ukingoni kote, hasa juu ya milango ambako hakuna mpira wa kioo wa kusaidia kushika. Palipoachia, inua, paka gundi pande zote mbili na subiri dakika zako kumi na tano kama mwanzo. Ile mikunjo hafifu unayoiona asubuhi ya kwanza iache wiki moja kabla ya kuigusa. Mingi inajinyoosha yenyewe paa likipata joto na kupoa mara kadhaa.